Fimbo ya Gatera Haikulala Chini

Mimi Kanyere sina uvumilivu, nasema mapema ili musiniulize nyuma. Sisi watu wa Butembo wanatusema kwamba tunasali na kuuza kwa mudomo mumoja, na mimi sikatai. Niko na gari moja na depo moja pale Mpofi: chumvi, sabuni, mafuta, misumari, batri. Mwaka ule bunduki zilinyamaza miezi mitatu mizima, barabara ikapitika, na nikajiambia: Kanyere, kuko watu wanavuka bahari ili waone gorila, na gorila wako nyuma ya depo yako. Unangoja nini? Njo nikapanga likizo ya siku tano. Mbili za kupumzika juu kwenye milima ya Masisi, moja ya soko, mbili za pori ya Walikale. Nikaandika kwa telefone, nikatuma kwa kila muntu wetu aliye Ulaya.

Wa kwanza kujibu alikuwa Régine, mutoto wa jirani yetu wa zamani kule Butembo. Yeye iko muuguzi wa hospitali Ubelgiji, miaka kumi na minane hajakanyaga kwao. Akasema atakuja na bwana yake, Maurice. Nilifurahi mpaka nikawasha mushumaa kanisani. Mugeni aje, mwenyeji apone, si njo wanasema?

Lakini hadithi hii haiko ya Régine, wala ya gari yangu. Iko ya Gatera, na nitaisema vile ilivyokuwa, hata fasi ile inayoniuma.

Gatera alizaliwa Masisi, juu, kule mutoto anajua majina ya ngombe mbele ya kujua majina ya shangazi zake. Ukimuuliza kwao walikuwa na ngombe ngapi, hakujibu. Kwa watu wake ngombe hazihesabiwi, zinatajwa. Siku moja nilimuuliza kwa ubishi tu, tuko njiani. Akaanza: Bihogo, Gaju, Bihogo mudogo, ile ya pembe moja, mutoto wa ile ya pembe moja... Tukapita vilima viwili angali anataja. Halafu akageuzia uso dirishani, na mimi na mudomo wangu mukubwa nikajifanya naangalia barabara.

Zote zilienda mchana mumoja. Watu wenye bunduki walikuja, wakazikusanya, wakashuka nazo. Bibi yake, Isimbi, alikimbia na watoto watatu upande wa Goma, wakaingia kambini. Yeye alikuwa ng'ambo ya pili anaangalia majani mapya; aliporudi zizi lilikuwa tupu na njia ya Goma imekatika, akashukia upande wa pori. Usiniulize alipita wapi. Alipotokea Ntoto, kijiji cha karibu na pori, alikuwa na koti na kofia tu. Fimbo ya baba yake aliiona imevunjika ndani ya zizi, kwenye mavi, akaiacha pale. Aliniambia kwamba muchungaji bila fimbo hajui aweke mikono wapi, na kweli ukimuangalia alikuwa anaiweka mifukoni, anaitoa, anaishikanisha nyuma ya mugongo, anaitoa tena.

Watu wa pori walimucheka sana. Walimuita Papa Maziwa. Anateleza kwenye mizizi, anaruka siafu, anauliza jua limeenda wapi. Lakini Archange aliona kitu. Archange njo chef wa pisteurs, wale wanaofuata nyayo za gorila kila asubuhi, muntu aliyezaliwa pori ile na asiyecheka bure. Siku moja Gatera aliwabebea mizigo. Akainama juu ya mavi ya gorila, akayapasua kwa kijiti, akasema, "Huyu alikula jana jioni, na tumbo inamusumbua. Hayuko mbali." Nusu saa haikuisha, wakamukuta gorila jike amelala chini ya muti, anajikunja. Hayo Gatera alijifunza kwa ngombe. Tangu siku ile Archange akamupa kazi, kazi ya kujaribiwa.

Sasa musikie vizuri, juu hapa njo kila kitu kilipokaa. Shirika la kijiji lilijenga nyumba nne za mbao na mabati kwa pisteurs wa kudumu. Tatu zilikuwa na wenyewe. Ufunguo wa nyumba ya nne ulining'inia kwenye musumari ofisini kwa Archange, na Gatera hakuingia mule hata mara moja bila kuuangalia. Archange akamuambia mbele yangu, "Hawa wageni wa Mama Kanyere, uwapokee Masisi, uwalete, uwaingize pori, uwatoe. Wakirudi wazima na gorila wangu wakibaki na utulivu, ufunguo iko yako. Muite bibi yako." Miaka miwili Gatera na Isimbi hawajalala chini ya bati moja. Siku tano tu zilibaki, na zote zilikuwa mukononi mwake.

Wageni walifika wamechoka, nikawapandisha kwa Mama Emérence, mwenye nyumba ya wageni juu ya kilima: veranda, viti vya kulala, maji moto kwenye ndoo, majani mafupi mpaka macho yanaishia. Régine alivua viatu, akatembea kwenye majani huku analia na kucheka. Maurice, muntu munene anayecheka mbele hadithi haijaisha, alikunywa vikombe vitatu vya maziwa, akalala kwenye kiti mpaka jua likamuchoma kipara. "Inafanana na Suisse!" akasema alipoamka. Kila mugeni anasema hivyo. Mimi hiyo Uswisi yao sijafika, sijui kama nao wako na matope yetu.

Wageni walipumzika, Gatera hakupumzika. Alitembea nyuma yao kama kuku mwenye vifaranga. "Madame, usikanyage pale. Papa Maurice, hayo maji usinywe." Pikipiki ikilia kwa mbali, anasimama, anasikiliza mpaka ipite. Siku ya pili Mama Emérence akanivuta jikoni, akaniambia kuna watu wamesikia risasi upande wa pili wa bonde. Huenda ni kitu, huenda si kitu. Nikamuambia Gatera peke yake. Tangu pale alianza kuangalia barabara kuliko kuangalia wageni.

Kilima kile kiko na rezo ya telefone. Mchana ule nilimukuta nyuma ya zizi, anapiga kelele kwa telefone hata ngombe zikageuka. "Jumamosi! Panda lori ya Jumamosi! Ushukie Mpofi, kwa depo ya Mama Kanyere! Ndiyo, na watoto! Ndiyo, kuko nyumba!"

Nikamungoja amalize. "Aka, Gatera! Mutoto angali tumboni, wewe umekwisha kumupa jina?"

"Mama, mvua imeangusha kibanda chao kambini. Wanalala kwa jirani." Akafuta telefone kwa koti, taratibu. "Na barabara ikifungwa tena? Watapita wapi? Jumamosi kazi itakuwa imekwisha, Mama. Leo iko Jumanne."

Nilitaka kumugombeza, nikarudi kwa wageni.

Jumatano tulishuka sokoni. Ooh, soko la Masisi! Fromaji, jibini ya maziwa ya kule, za duara, zimepangwa kwenye majani ya ndizi, maharage ya kila rangi, vikapu, vitenge, kuku wamefungwa miguu. Régine alinunua kama muntu anayehama, na hakujua kubishana bei, mpaka nikaona haya kwa ajili ya Butembo nzima. Mwisho tukafika kwa mama mumoja aliyeuza fimbo za wachungaji, zimepakwa samli, zinang'aa. Régine akamuambia Gatera, "Papa, nichagulie moja, nzuri kabisa."

Gatera alizigusa zote. Alipima uzito, alizungusha, aliangalia ncha. Mikono yake, ile mikono isiyojua fasi ya kukaa, ilitulia. Akachagua moja nyekundu-nyeusi, nyembamba, ndefu mpaka begani. Régine aliangalia ile mikono, akalipa, akamurudishia. "Iko yako, Papa Gatera. Uliniambia ya baba yako ilivunjika."

Maurice alicheka, mimi nilicheka. Gatera hakucheka. Alivua kofia, akaipokea kwa mikono miwili, amepinda magoti, akasema maneno ya kwao ambayo sikuyaelewa, na machozi yakashuka mbele ya watu wote wa soko.

Njiani akatuelezea. "Baba yangu alisema, anayekupa fimbo amekupa ngombe, hata kama ngombe bado hujaiona. Fimbo mupya hailali chini siku saba. Haibaki nyuma yako. Ukiiacha, ao ukisema haiko yako, umemurudishia muntu zawadi yake usoni."

"Ni nzuri sana hiyo," Régine akasema, na akaiandika kwenye kitabu chake kidogo. Mimi nilikuwa nawaza petroli.

Alhamisi tukaacha kilima, gari mpaka Mpofi, halafu pikipiki, halafu miguu. Fimbo ile ilisafiri imesimama. Kwenye gari iligonga bati. Kwenye pikipiki ilinigonga mimi kichwani. "Gatera, nitaifanya kuni!" nikamuambia. Akajibu, "Mama, ngombe haelemewi na nundu yake." Mbele kidogo, kwenye kona, vijana watatu wenye bunduki walifunga njia kwa muti. Walimuangalia Régine, wakaangalia mizigo, wakaangalia tena Régine. Gatera alienda mbele, akaegemea fimbo yake, akaongea nao polepole, kuhusu mvua, kuhusu magonjwa ya mbuzi, mpaka mumoja akacheka na muti ukavutwa. Tulipopita niliona koti yake imelowa mugongoni, na mvua haikuwa imenyesha.

Tukalala kwenye kambi ya pisteurs, ukingoni mwa pori, kupita Ntoto. Ijumaa asubuhi Archange akatupanga mustari, akatupa maski za kufunika mudomo, juu gorila wanashika magonjwa yetu. Akasema taratibu, neno kwa neno. "Dume akija na hasira, chuchumaa. Macho chini. Mikono kwa tumbo. Hakuna kukimbia. Hakuna kusimama. Miaka sita tunawazoeza gorila hawa, na miaka yote sita wametuona na mikono mitupu. Mwenye fimbo na mukuki ni muwindaji. Siku gorila ataona fimbo mukononi mwetu, sisi pia ni wawindaji, na miaka sita imekufa." Halafu akamugeukia Gatera. "Kwa hiyo hiyo kitu inabaki hapa. Pisteur anayeingiza fimbo porini, kazi yake imeisha. Unajua."

"Najua, chef."

Gatera akaingia kibandani, akatoka. Mikono mitupu. Mugongoni amebeba shitingi ya mvua, lile turubai la plastiki, imekunjwa ndefu, imefungwa kwa kamba. Archange akamuangalia mikono, akaitikia kwa kichwa, akaenda mbele.

Mimi nilikuwa nimeinama kando ya mulango nafunga buti. Kutoka chini pale niliona. Kwenye ncha ya shitingi, kipande cha kidole kimoja tu, nyekundu-nyeusi, kinang'aa samli.

Gatera akaona kwamba nimeona. Akainama. "Mama Kanyere, leo ni siku ya tatu tu. Nikiiacha nimemurudishia Madame. Haitatoka ndani, nakuapia."

Ningesema nini? Nilijua vizuri ningesema nini. Lakini Archange alikuwa anaita, Maurice alikuwa anauliza kama kuko nyoka, risasi za bondeni zilikuwa zinacheza kichwani mwangu, na nilitaka siku ile iishe, wageni wafurahi, wawaambie wengine. Na nilijiambia, kijiti ni kijiti. Nikanyoosha mukono, nikavuta shitingi, nikafunika ile ncha.

"Kaza kamba," nikamuambia. "Tuende."

Tulitembea saa tatu. Archange mbele, wageni kati, mimi, Gatera mwisho. Gatera ndiye aliyewapata gorila, kwa mavi tena. Akagusa, akanusa, akaonyesha kidole upande wa kushoto, na Archange akafuata bila kuuliza. Na walikuwa pale. Eh, Mungu wangu. Jike mumoja amekaa kama mama sokoni, anamuchambua mutoto wake kichwani. Wawili wadogo wanavutana kwenye muti. Régine alikaa chini, machozi yanalowesha maski. Maurice kwa mara ya kwanza hakucheka. Hata mimi nilisahau petroli.

Gatera alikuwa nyuma yetu. Kazi yake pale ilikuwa moja: akiona mugeni anataka kuinuka, amukandamize chini kwa mukono. Alikuwa amechoka na muzigo, akataka kuushusha. Hapa njo kosa lilizaliwa, na hakuna muntu wa pori angelifanya, wala muntu wa Butembo. Kuushusha muzigo ilikuwa kuilaza fimbo chini. Kwa hiyo aliivuta kwanza, akaisimamisha kwenye paja lake, halafu akashusha shitingi. Mimi niligeuka nikaona. Nikafungua mudomo.

Dume hakutokea mbele. Alitokea kando, kwenye majani tuliyotoka, karibu yetu kabisa. Sauti ile haiingii kwa masikio, inaingia kwa tumbo. "Chini!" Archange akasema, na tukaenda chini. Niliona nyasi, vidole vyangu, na kwa pembe ya jicho nikaona Régine. Alikuwa anainuka. Goti moja lilikwisha kutoka chini.

Gatera alipaswa kumukandamiza. Gatera alisimama. Alisimama mbele yake, miguu imeachana, fimbo juu, na akapiga kelele ile ambayo kila muntu wa Masisi anaijua, ile ya kumusimamisha ngombe dume anayekuja na pembe: "Hooo! Hooo!" Nadhani hata yeye hakujua kwamba amesimama. Mazoea yana tabu.

Archange anasema dume angesimama hatua nne mbele yetu, vile anavyofanya siku zote. Lakini aliona fimbo. Alinipita juu, nikasikia harufu ya jasho na majani mabichi, nikasikia kitu kimevunjika, halafu kingine, na sikujua kipi ni muti na kipi ni muntu. Halafu pori ikapasuka upande mwingine, jike, watoto, wote, mbali, mbali zaidi, na ikawa kimya.

Régine alikuwa muzima. Maurice alikuwa muzima. Gatera alikuwa amekaa chini, mukono wa kuume umepindika fasi ambayo mukono haupindiki, damu inashuka kwenye vidole. Hakulia. Alikuwa anatafuta kitu kwenye nyasi kwa mukono wa kushoto. Régine akaamka muuguzi, sijui nisemeje vingine. Akapasua shati ya Maurice, akafunga jeraha. Alihitaji kitu kigumu cha kunyoosha mufupa, na Gatera akampa alichokipata: nusu ya fimbo. Akaifungia kwenye mukono.

Archange alirudi kutoka walikokimbilia gorila. Akaangalia mukono ule. Akaangalia muti ule. Akatembea mbele bila kugeuka mpaka kambini, saa tatu nzima, na saa zile tatu zilikuwa mbaya kuliko dume.

Ofisini aliketi. Ufunguo ulikuwa nyuma ya kichwa chake, kwenye musumari.

"Fimbo ilitoka wapi?"

Régine akajibu mbele yetu sote. "Ni yangu. Niliinunua sokoni, niliificha mimi, sikujua uzito wa sheria yenu. Papa Gatera aliikamata kwangu alipoona dume anakuja. Alitaka kunilinda."

Alisema vizuri, hata mimi niliyejua ningemuamini. Archange alimuangalia yeye, halafu mukono wa Gatera. Yeye si mujinga. Lakini niliona kitu kimelegea usoni mwake, kama muntu aliyefunguliwa kamba. Akasimama, akashusha ufunguo kwenye musumari, akaushika.

"Sheria inamufungia mugeni mulango," akasema. "Hatarudi hapa tena. Pisteur haimugusi." Akamugeukia Gatera. "Nikuulize mara moja tu, na jibu lako njo nitaandika. Fimbo iko ya Madame?"

Salamu Maria, umejaa neema, nilisali kimoyomoyo. Sema ndiyo, wewe muntu. Neno moja. Isimbi amekwisha kufunga vyombo. Sema ndiyo.

Gatera aliangalia kile kipande cha muti kwenye mukono wake. Midomo ilikuwa myeupe kwa maumivu.

"Hapana, chef. Alinipa. Iko yangu."

"Papa Gatera!" Régine akalia.

"Madame, nikisema iko yako, nimekurudishia." Alisema kwa upole, kama anamuelezea mutoto. "Na kuificha, niliificha mimi."

Nilingoja aseme na jina langu. Hakulisema. Na mimi, Kanyere mwenye mudomo, niliyegombeza dunia nzima tangu Masisi, nilikaa kwenye benchi ya ofisi mudomo umefungwa. Archange aliurudisha ufunguo kwenye musumari. Ulianguka mara moja, akauokota, akaurudisha tena. "Ulikuwa pisteur wangu bora," akamuambia, na akaenda kusimama nje, na hakutaka muntu amufuate.

Jumamosi alfajiri tulishuka wote mpaka Mpofi, na wageni wakaondoka na vikapu vyao na fromaji zao. Régine alilia shingoni mwa Gatera, akatuachia dawa zake zote. Wakasema ilikuwa likizo ambayo hawataisahau. Mimi nikasema, "Karibuni tena."

Kutoka porini mpaka Mpofi rezo haifiki. Hakukuwa namna ya kumuambia Isimbi asije.

Lori ilifika saa nane. Alishuka na watoto watatu, godoro moja, sufuria mbili, na amevaa kitenge cha siku kuu, kimepigwa pasi, Mungu wangu, pasi kambini aliipata wapi? Alikuwa anacheka kutoka mbali. Halafu akaona mukono.

Gatera alimuambia mwenyewe, amesimama, kwa lugha yao, maneno machache. Isimbi hakupiga kelele. Aliketi kwenye godoro, pale pale kwenye matope, na watoto wakamuzunguka. Kisha akasema kwa Kiswahili, na sijui kama alitaka nisikie, "Miaka miwili naota mulango wenye ufunguo. Wewe umeuuza kwa kijiti." Gatera alimuokota mutoto mudogo kwenye matope, akamubeba.

Nikafungua chumba cha nyuma cha depo. Nilihamisha magunia ya chumvi mimi mwenyewe, peke yangu, mpaka mugongo ukalia. Nikafagia. Nikaweka mukeka. "Mutakaa hapa," nikawaambia. "Mutakaa mpaka mupate fasi, na kama hamupati, mutakaa."

Isimbi akaja, akanishika mikono yote miwili, akaibusu. "Mama Kanyere, wewe njo Mungu alitutumia." Halafu akaniangalia usoni, na macho yake yalikuwa mekundu, mazuri, ya muntu anayetaka tu kuelewa. "Lakini niambie. Watu wote wale asubuhi ile. Hakuna hata mumoja aliyeiona hiyo fimbo, amuambie aiache?"

Alikuwa angali ameshika mikono yangu, ile ile iliyovuta shitingi.

"Hakuna," nikasema. "Hakuna aliyeiona."

Gatera alikuwa mulangoni, mutoto kwenye mukono wake muzima. Alinisikia. Nikamungoja. Akainamisha macho, akayaacha chini, vile Archange alivyotufundisha.